Chemchemi ya Kwezinga na Mizizi Iliyogeuka

Tunu Shemboko alikuwa amelala kifudifudi kwenye udongo mbichi, hedifoni masikioni, akicheka peke yake.

“Inakuja!” alisema kwenye redio ya mkononi. “Daktari, inakuja! Panda uisikie mwenyewe!”

Chini ya tumbo lake, kina cha goti ardhini, mizizi ya mierezi ilikuwa ikikimbia. Hakuna neno jingine. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayetafuna muwa chumba cha pili: mkwaruzo, kimya, mkwaruzo, halafu kokoto kusukumwa kando. Tunu alikuwa ameisikia maabara, kwenye mapipa ya udongo, lakini hajawahi kuisikia mlimani, mti kwa mti, mamia kwa mpigo. Nywele zilimsimama.

Daktari Hozza alifika akihema, kofia yake ya sufu imeinamia upande mmoja. Yeye ndiye aliyeizalisha mierezi hiyo. Alitumia nusu ya maisha yake kutafuta mche ambao mizizi yake ingekua kwa siku moja kiasi ambacho mwerezi wa kawaida hukua kwa mwaka. Alipiga magoti, akachukua hedifoni, akafumba macho. Kisha yule mzee mwenye shahada tatu akaupiga udongo kwa kiganja kama mshabiki aliyeona goli.

“Imefika wapi?”

“Hatua chache tu kutoka kwenye ufa. Ikienda hivi, kesho mvua inaukuta mlima umeshonwa.”

Wote wawili wakautazama ufa. Ulikuwa umekatiza bega la mlima Shegole tangu masika yaliyopita, mrefu kuliko mtaa, mpana kiasi cha kummeza mbuzi. Kila mvua iliponyesha ulizidi kuachama. Chini yake kabisa, mabati yaking'aa, ulikuwa mji wa Vungwe: soko, hospitali, shule, na watu ambao wasingeweza kuhamishwa kwa sababu barabara pekee ya kutokea ilikuwa imechukuliwa na mto wiki iliyopita. Helikopta ziliwatoa wagonjwa, basi. Mvua kubwa kuliko zote za msimu ilikuwa njiani kutoka baharini, na ingefika kesho jioni.

Kwa hiyo walikuwa wameichomeka mierezi mlimani, safu kwa safu, na kati ya safu wakazika vyuma vya wito.

Mwerezi hauendi chini sana. Ukiwa mchanga hutuma mzizi mmoja wima kujishikiza, halafu ukishasimama hubadili nia: huanza kutambaa pembeni, karibu na uso wa ardhi, ukivuka kivuli chake mara mbili, mara tatu, ukiingiza vidole katika kila mwanya wa mwamba. Mizizi ya mti mmoja ikikutana na ya jirani, magome hulika, nyama hugusana, na miti miwili huwa na mzizi mmoja. Ndiyo maana kichaka cha mierezi hushikilia mteremko kama wavu. Tatizo la mwerezi ni kwamba hauna haraka. Mche wa Hozza ulikuwa nayo. Na vyuma vya wito viliupa pa kwenda: vilitoa mtikisiko mdogo, ule ule wa maji yanayopita ardhini. Mzizi hauna sikio, lakini ncha yake huhisi mtikisiko huo na kuufuata, kama mtu mwenye kiu anavyofuata sauti ya bomba gizani.

“Tunu,” Hozza alisema ghafla. Alikuwa bado na hedifoni. “Mbona inafifia?”

Tunu akazinyakua, akasikiliza. Kutafuna kulikuwapo, lakini kulikuwa kunasogea mbali. Kushoto.

Wakakimbilia hemani.

*

Ramani kwenye skrini ilionyesha kila ncha ya mzizi kwa mstari wa kijani. Tangu alfajiri mistari ilikuwa imeshuka moja kwa moja kuelekea ufa. Sasa yote, safu ya juu na ya chini, ilikuwa imepinda upande mmoja, kama nyasi zilizolazwa na upepo.

“Ongeza mlio,” Hozza alisema.

Tunu aliongeza. Mistari haikujali. Aliongeza tena mpaka vikombe vya chai vikatetemeka mezani. Mistari ikazidi kupinda.

Hapo akafanya kinyume. Akavizima vyuma vyote. Mlima ukanyamaza, na ndani ya ule ukimya, kupitia vipaza sauti vilivyozikwa upande wa kushoto, akasikia kitu kinachobubujika taratibu, kisichochoka.

“Chemchemi ya Kwezinga,” alisema. Alihisi kucheka na kulia kwa pamoja. “Daktari, tumeipigia mizizi sauti ya maji, nayo imesikia maji yenyewe! Ina akili kuliko tulivyofikiri!”

Hozza hakucheka. Alikuwa tayari amelitazama tangi la gundi lililokuwa nje ya hema, lile walilolileta kwa ajili ya kuziba uvujaji kwenye kisima chao cha uchunguzi. Kisima hicho kilikuwa kimetoboa mkondo ule ule unaoilisha chemchemi, juu kidogo ya kijiji cha Kwezinga kinachokunywa maji yake.

“Tukisukuma gundi pale,” alisema polepole, “mkondo unafunga. Kelele inakwisha. Mizizi inarudi kwenye vyuma. Saa chache tu, Tunu, na bado tuna muda.”

“Na Kwezinga watakunywa nini?”

“Maji yatatafuta njia nyingine.”

“Wapi?”

Hozza alivua kofia yake, akaikunja, akaivaa tena. “Sijui.”

Tunu aliitazama pampu. Ilitengenezwa kwa sheria ya usalama: haikuwaka mpaka watu wawili waweke vidole gumba kwa pamoja. Hozza alishaweka chake.

“Wanangu wako chini pale,” alisema, bila kupaza sauti. “Mama yangu yuko hospitali ya pale, hakupata nafasi kwenye helikopta. Wa Kwezinga ni kaya chache. Chemchemi hukauka, Tunu, hukauka kila mwaka milima hii yote. Hakuna atakayeuliza. Tutawapelekea maji kwa bomba baadaye, nakuapia, nitalivuta kwa mikono yangu.”

Jambo baya ni kwamba alikuwa anasema kweli. Hakuna ambaye angeuliza. Wangeamka na kukuta chemchemi imekauka, wangesema ni hali ya hewa, wangeomba dua. Tunu alikinyanyua kidole chake, akakirudisha mfukoni.

“Ni maji yao.”

“Ni mji mzima!”

“Najua ni mji mzima. Ndiyo maana nitakimbia.” Alishavaa koti. “Nipe mpaka jua lifike utosini, Daktari. Naenda kuwauliza.”

“Na wakikataa?”

Tunu alishakuwa nje akiteremka mbio katikati ya mierezi, ambayo majani yake ya chini yalikuwa yameanza kuwa kahawia. Miti hiyo ilikuwa inajila yenyewe ili ipate nguvu za kukua.

*

Kwezinga walikuwa mashambani wakivuna kabichi kabla mvua haijaziozesha. Mwenyekiti wa kijiji, Bi Zaituni Mahimbo, mwanamke mrefu mwenye sauti ya taratibu, alikuwa ndiye pia msimamizi wa chemchemi. Alimwona Tunu akija mbio na matope mpaka kifuani, akaweka kisu chini.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Keti kwanza, upumue.”

“Mama, sina muda wa kukaa. Naomba uwaite watu.”

Walikusanyika kando ya chemchemi yenyewe, maana ndipo palipokuwa karibu na kila mtu. Maji yalitoka chini ya jiwe jeusi, manene kama mkono, yakaingia kwenye birika la mawe lililokuwa limelainishwa na magoti ya vizazi. Tunu aliyasikia yakibubujika, na mara hii bila hedifoni. Aliwaeleza kila kitu: mizizi, ufa, mvua, gundi. Hakuficha kwamba maji huenda yasirudi tena mahali hapa.

Alipomaliza, palizuka kelele.

Aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa Mzee Singano, mkulima wa njegere mwenye shingo nene na koti la mvua lililochanika mabegani.

“Mwaka ule mlima ulipotuporomokea sisi,” alifoka, “ulipomfunika ndugu yangu na nyumba yake, Vungwe walipanda kuja kuchimba? Walipanda? Walikuja kununua kabichi wiki iliyofuata, wakalalamika zina mchanga! Leo ndio tuwape maji?”

Wengi waliitikia. Tunu hakuwa amewahi kusikia habari ya ndugu huyo, na mtu wa maabara yao aliyetakiwa kujua hakuwa amewahi kuuliza.

Bi Zaituni alinyoosha mkono, wakatulia.

“Nikuulize kitu kimoja, mwanangu. Hiyo gundi yenu. Mngeweza kuisukuma bila sisi kujua?”

Tunu alihisi uso ukimwaka. “Ndiyo, mama.”

“Na pale juu, hakuna aliyetaka kufanya hivyo?”

“Yupo. Na mimi nusura nimfuate.”

“Kwa nini hukumfuata?”

“Ningeshindwa kuja tena hapa nikakutazama.”

Mawingu yalikuwa yameanza kupanda nyuma ya mlima, meusi chini, meupe juu, mapema kuliko utabiri ulivyosema. Redio ikakoroma: “Tunu. Ufa umeongezeka. Tunu, unanisikia?”

“Wenye kukubali, simameni upande wa jiwe,” alisema Bi Zaituni. “Wenye kukataa, upande wa njia. Asiyejua asimame alipo, lakini asinung'unike baadaye.”

Watu walisogea. Kijana mmoja aliyekuwa na mchumba Vungwe alikwenda upande wa jiwe kabla sentensi haijaisha. Wanawake wawili wakamfuata, wakashikana mikono. Mzee Singano alikwenda upande wa njia akipiga mateke majani. Wengine walisitasita, wakavuka, wakarudi, wakavuka tena. Mwishowe upande wa jiwe ulikuwa mkubwa zaidi, lakini si kwa watu wengi.

Bi Zaituni mwenyewe alikuwa amesimama upande wa njia.

“Mimi nimekataa,” alisema. “Nilipewa maji haya niyatunze, siwezi kuyazika kwa mdomo wangu. Lakini wengi wamekubali, na neno la wengi ndilo la kijiji.” Akageuka, na ile sauti ya taratibu ikapasuka kama filimbi ya refa. “Sasa mnangoja nini? Kila chombo! Ndoo, madumu, masufuria, pipa la msikiti, pipa la kanisa, beseni za watoto! Jazeni kila kitu! Tunu, mwambie huyo mtu wako asiguse kitu mpaka niseme!”

Na kijiji kikaanza kukimbia.

Tunu hakuwahi kuona kitu kama kile. Watu walipanga mstari kutoka kwenye birika mpaka nyumbani, ndoo zikaruka mkono kwa mkono, maji yakimwagikia mabega, watoto wakipiga kelele kwa furaha kwa sababu hawakujua, wakubwa nao wakipiga kelele kwa sababu walijua. Mtu alileta jokofu la zamani lisilo na mlango, akalilaza chali, akalijaza. Mwingine alijaza viatu vya mpira. Mzee Singano, aliyekuwa amekataa kwa nguvu zote, alibeba madumu mawili kila mkono na kumtukana kila aliyemkwaza. Tunu naye aliingia kwenye mstari. Mikono iliyopokea ndoo kwake haikumuuliza alikuwa nani.

Radi ya kwanza ilipopiga, Bi Zaituni alikinga viganja viwili, akanywa, akajifuta mdomo kwa upande wa khanga.

“Haya, nenda mwambie,” alisema.

Tunu alipanda mlima mbio mpaka mapafu yakawaka moto. Hozza alimpokea mlangoni mwa hema; hakuuliza. Waliweka vidole kwa pamoja. Pampu ikaguna, gundi ikashuka, na kwenye vipaza sauti vya kushoto kububujika kukawa kugugumia, kugugumia kukawa tone. Kisha hakuna kitu.

“Wamekubali?” Hozza alinong'ona.

“Wamekubali. Washa vyuma.”

*

Mvua haikunyesha, ilimwagwa. Hema likang'oka upande mmoja, nao wakaishikilia nguzo wakiwa wamesimama kwenye maji, macho kwenye skrini.

Mistari ya kijani haikusogea kwa muda mrefu. Halafu mmoja ukatikisika. Ukanyooka. Ukaangukia upande wa vyuma kama mtu aliyekumbuka kitu alichokisahau, na mwingine ukaufuata, na mara mlima mzima ukageuka.

“Nenda!” Hozza alipiga kelele kwa miti yake. “Nenda, nenda, nendeni, mabinti zangu!”

Tunu alivaa hedifoni. Sasa haikuwa kutafuna tena, ilikuwa ngurumo, kama kundi la ng'ombe likishuka njia nyembamba. Mizizi ilifika ukingoni mwa ufa, ikaning'inia hewani kwenye lile pengo lililojaa maji, ikitafuta. Upande wa pili mizizi ya safu ya chini ilikuwa inapanda. Alisikia mguso wa kwanza. Akasikia magome yakilika, na halafu ile sauti aliyoijua kutoka maabara, ndogo, ya unyevu, kama busu la mtoto shavuni: mti na mti ikiwa kitu kimoja.

“Imeshika!” alilia. “Daktari, mmoja umeshika! Miwili! Siwezi kuhesabu!”

Mlima ukaguna. Waliuhisi mguno huo miguuni kabla ya kuusikia. Bega lote la Shegole likasogea, likateleza, na mizizi ikakaza mpaka hedifoni zikapiga mluzi. Mmoja ukakatika kwa mlio wa risasi, na mwingine. Pembe ya kushoto ya ufa, pale mizizi ilipochelewa kwa sababu ilikuwa imepotea njia asubuhi, ikang'oka na kuondoka nzima, na mierezi yake ikiwa bado imesimama wima juu yake kama abiria, ikaenda kumwagika kwenye bonde tupu.

Kilichobaki hakikuondoka.

Walisimama pale, mvua ikiwapiga, mpaka redio ilipokoroma na sauti ya mtu wa Vungwe ikauliza kama wao wa juu wako hai, maana huku chini wako hai wote. Hozza alikaa kwenye matope akalia kwa sauti. Tunu akamshika bega, naye akiruka-ruka kama msichana, hajui anachofanya.

*

Chemchemi haikurudi.

Siku zilizofuata watu wa Vungwe walipanda Kwezinga na madumu vichwani, wengi wao kwa mara ya kwanza maishani, wakaona kaburi la ndugu yake Mzee Singano lilipo na hawakujua watazame wapi. Hozza alivuta bomba kwa mikono yake kama alivyoapa. Lilipasuka, akalivuta tena. Maji yake yalikuwa na ladha ya plastiki. Watu wa Kwezinga waliyanywa.

Tunu hakurudi maabara. Kila asubuhi alitembea pembezoni mwa kijiji akisikiliza ardhi kwa hedifoni, na Bi Zaituni alitembea naye. Siku moja mama huyo aliuliza, “Ungejua yote haya, mwanangu, ungekuja tena kutuuliza?”

“Ningekuja mapema zaidi,” Tunu alisema. “Kabla ya kupanda mti hata mmoja.”

Bi Zaituni aliitikia kwa kichwa, si kumsamehe, ila kulipokea jibu.

Ilikuwa palepale, wakiwa wamesimama, ndipo Tunu alipoinua mkono. Vyuma vyote vilikuwa vimezimwa tangu mvua ilipokatika. Hakuna aliyekuwa akiiita mizizi. Hata hivyo alisikia kutafuna. Ilikuwa mizizi michache, ya mierezi ya ukingoni karibu na kijiji, na haikuelekea kwenye ufa wala kwenye jiwe jeusi. Ilikuwa inashuka kulia, yote pamoja, bila kusita.

“Mama,” alisema. “Mama, kuna kitu inakifuata.”

Walifuata juu huku mizizi ikienda chini, Tunu akitambaa kwa magoti, Bi Zaituni akiwaita watu kwa mikono yote miwili. Kijiji kikatoka na majembe. Wakavuka njia, wakavuka mfereji mkavu, wakaruka ua wa matete, na hapo Tunu akasimama. Ndani ya hedifoni, mbali bado, dhaifu, kulikuwa na kububujika.

Walikuwa katikati ya shamba la njegere lililopandwa kwa mistari iliyonyooka, maganda yamejaa, yanang'aa.

Watu wote wakamgeukia Mzee Singano.

Alilitazama shamba lake mwanzo mpaka mwisho. Alimtazama Tunu kwa jicho ambalo Tunu angelikumbuka daima. Kisha akamnyang'anya jirani yake jembe, akaingia katikati ya mstari ulio bora kuliko yote, na kuanza kuchimba, akimlaani Hozza, akiulaani mji wa Vungwe, akiilaani mierezi na mizizi na babu zao, udongo ukiruka nyuma yake. Wengine wakaingia kumsaidia. Shimo likafika magoti, likafika kiuno, udongo ukawa mweusi, ukawa tope, na tope likaanza kujaa lenyewe kuzunguka miguu yake.

Mzee Singano akanyamaza. Aliyatazama maji yakipanda kwenye vifundo.

“Njegere zilikuwa zimebakiza wiki moja tu kuvunwa,” alisema, na akapiga jembe tena.